Muulize Mgonjwa Mikono Yake Huingia Maji Gani

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu na mkazi wa Ngamiani hapa Tanga, alifika katika kliniki ya ngozi akiwa na vinundu vitano katika mkono wake wa kulia. Cha kwanza kilikuwa juu ya fundo la kidole cha shahada, chenye rangi ya zambarau na gamba gumu juu yake. Vingine vinne vilipanda kwa mstari kutoka mgongo wa kiganja hadi karibu na kiwiko, mithili ya shanga zilizotungwa chini ya ngozi. Havikumuuma sana, naye alikuwa navyo kwa miezi saba. Katika miezi hiyo alikuwa amepaka dawa za fangasi, amemeza aina tatu za antibayotiki, na mahali pamoja alikuwa ameelezwa kwamba huenda ni kifua kikuu cha ngozi.

Nami nilimwandikia nini? Sina budi kusema kweli, kwa kuwa makala haya hayana maana nikijificha. Nilidhani ni ule ugonjwa wa fangasi uwapatao watu waliochomwa na miiba, nikamwandikia dawa ya kumeza na kumpa tarehe ya kurudi. Nilimuuliza kuhusu shamba, kikohozi, kisukari na ndugu aliyewahi kuugua ukoma. Sikumuuliza kuhusu maji.

Aliporudi baada ya wiki sita vinundu vilikuwa saba. Safari hii alifuatana na mjukuu wake wa miaka kumi na miwili, ambaye alikaa kimya mpaka nilipokuwa naushika mkono wa babu yake kuutazama kwenye mwanga. "Babu," alisema mtoto, "si ndio mkono unaosafishia tangi?"

Mzee alikuwa akifuga samaki sebuleni. Si samaki wa kitoweo, bali wale wadogo wenye milia ya buluu na dhahabu, wasiozidi urefu wa kidole kidogo cha mtoto, wanaokwenda huku na huko kwa kundi kutwa nzima bila kutulia. Wauzaji na wafugaji huwaita danio. Asili yao ni mito na mabwawa ya India, Nepali na Bangladeshi, na jina lao la kitaalamu, Danio rerio, lilitokana na maelezo aliyoyachapisha Francis Hamilton mwaka 1822. Mzee alikuwa ameletewa wanne na binti yake kutoka Dar es Salaam, katika mfuko uliojazwa maji na hewa, wawe wakimtuliza baada ya mkewe kufariki. Ameniruhusu kuyasimulia haya pasipo kumtaja jina.

Mdudu aliyekuwa mkononi mwake ni Mycobacterium marinum, bakteria wa ukoo mmoja na wale wa kifua kikuu na ukoma. Hakuna jambo jipya hapa. Aronson alimweleza mwaka 1926 kutoka kwa samaki waliokufa katika matangi ya maonyesho mjini Philadelphia, na mwaka 1951 madaktari wa Uswidi wakamtambua katika vidonda vya watu waliokuwa wakiogelea katika bwawa moja. Tangu mabwawa ya kuogelea yaanze kutiwa klorini ya kutosha, chanzo kinachotajwa zaidi katika nchi nyingi ni tangi la samaki la nyumbani. Bakteria huyu huishi katika maji matamu na ya chumvi vilevile. Huingia mwilini kupitia mchubuko au mkato, ambao mara nyingi mtu hata haukumbuki, kwa sababu kinundu cha kwanza huchelewa kutokea kwa wiki mbili hadi nne, na pengine kwa miezi kadhaa. Hustawi vizuri kwenye joto la nyuzi 30 hadi 33 na huona shida kukua kwenye nyuzi 37. Ndiyo maana hukaa katika ngozi ya mikono, ambayo ni baridi kuliko viungo vya ndani, na kwa mtu mwenye kinga nzuri ni nadra kuzama zaidi, ingawa akiachwa muda mrefu aweza kufika kwenye kano na viungo vya vidole. Wala mtu hamwambukizi mwenzake, na hili wagonjwa hulisahau kuuliza ilhali linawakosesha usingizi. Mzee alikuwa ameacha kumshika mkono mjukuu wake.

Kwa wahudumu wenzangu, mtego uko katika vipimo. Makohozi yake yalikuwa safi, na kipimo cha GeneXpert tunachokitegemea kwa kifua kikuu hakikuumbwa kumtafuta bakteria huyu. Kwa hiyo jibu la kwamba hakuna kifua kikuu halimwondoi. Kipimo cha ngozi cha tuberkulini nacho chaweza kuvimba kwa sababu ya udugu wao, kikampeleka daktari njia isiyo yake. Ukipeleka kipande cha ngozi maabara bila kueleza unachokishuku, kitaoteshwa kwa joto la nyuzi 37, joto ambalo bakteria huyu halipendi, na utaletewa jibu kwamba hakikuota kitu. Mtaalamu wa maabara hana kosa, kwani hakuambiwa. Katika fomu ya mzee, mara ya pili, tuliandika kwa herufi kubwa kwamba kioteshwe pia kwenye nyuzi 30 na kisitupwe mapema. Kiliota katika wiki ya tatu. Aidha, kumwanzishia mgonjwa wa namna hii dawa za kifua kikuu za kawaida kwa kubahatisha ni kumtwika mzigo usiomfaa, kwa maana pirazinamidi haimdhuru bakteria huyu na isoniazidi hufua dafu kwa nadra. Tulimpa klarithromaisini pamoja na ethambutoli, tukimpima uwezo wa kuona na kutambua rangi kila mwezi kwa sababu ya hiyo ya pili. Vinundu vilianza kunywea katika wiki ya sita na vikaisha katika mwezi wa nne. Dawa tuliendelea nazo kwa muda wa mwezi mmoja na nusu zaidi.

Hayo ni ya kitabuni, na daktari yeyote aweza kuyasoma. Ninalotaka kulisema ni jingine. Siku ile mtoto alipotaja tangi, neno la kwanza lililonitoka lilikuwa amri: "Mzee wangu, hao samaki inabidi waondoke." Mzee hakubisha. Alivuta mkono wake polepole, akashusha mkono wa shati, akasema, "Mwanangu, nimekuja unitibie mkono. Kwangu kulikuwa na watu wawili, sasa nipo mimi na hao." Nilijua hatarudi. Nilijua pia kwamba, hata akirudi, ataficha tangi kama mgonjwa wa shinikizo la damu afichavyo chumvi.

Basi jioni ya Jumamosi nikaenda kwake. Zile barabara za Ngamiani ambazo badala ya majina zina namba humpotosha mgeni kwa sababu zimenyooka na kufanana, lakini mjukuu alikuwa ananisubiri kona na baiskeli. Tangi lilikuwa juu ya kabati, kando ya televisheni. Nililipima kwa rula ya mtoto: sentimita 30 kwa urefu, 20 kwa upana, na maji ya kina cha sentimita 20. Hesabu yake ni lita 12. Ndani yake mlikuwa na samaki kumi na wanne, kwa sababu wale wanne walikuwa wamezaana na wengine wamenunuliwa. Umeme ulikuwa umekatika, pampu ya hewa imenyamaza, na samaki wote walikuwa juu wakitweta. Wawili walikuwa wamekonda na migongo yao imepinda. Mmoja alikuwa na kidonda ubavuni. Watatu, mzee alisema, walikufa mwezi uliopita, akawatoa kwa mkono.

Nilimuuliza hulisafishaje. Akaeleza kwa fahari ya mwalimu aliyezoea usafi: kila Ijumaa asubuhi huwatoa samaki wote kwa kikombe, humwaga maji yote, huosha kokoto moja moja, husugua kioo kwa brashi ya nguo na sabuni, kisha hujaza maji mapya ya bomba. Ili kuyatoa maji yale ya mwanzo, huuvuta mpira kwa mdomo. Nilitazama kokoto. Zilikuwa za kifusi, zenye makali, si za mtoni.

Ugonjwa wa mkono wake ulianzia hapo, nami ndipo nilipouelewa. Danio ni samaki wa mbio na wa kundi. Porini huzunguka pamoja, na katika kundi kila mmoja hupata utulivu kwa kuwaona wenzake pembeni. Ukimweka peke yake au wawili hujificha, hugoma kula, au mmoja humwandama mwenziwe mpaka mapezi yakachanika. Kwa hiyo wafugaji wazoefu hawaweki pungufu ya sita, na wanane au kumi ni bora zaidi. Lakini kundi huhitaji uwanja, na danio huhitaji urefu wa tangi kuliko kina chake, kwa vile huogelea kwenda mbele na nyuma karibu na uso wa maji. Ukiliweka kundi zima katika chombo kifupi umeikidhi haja moja na kuinyima nyingine. Samaki walioelemewa hivyo kinga yao hushuka, na danio ni miongoni mwa samaki wanaojulikana vyema kwa kushikwa na mikobakteria. Hata maabara kubwa zinazowafuga kwa utafiti husumbuliwa na maradhi hayo. Kukonda, kupinda mgongo na vidonda vya ubavu ndizo dalili zake.

Yanayofuata ni ya kemia. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake. Katika tangi lililokomaa wapo bakteria wema wanaoishi juu ya kokoto na katika kichujio, ambao huigeuza amonia kuwa naitraiti na kisha kuwa naitreti isiyo na sumu kali. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Mzee wetu alikuwa akiwaua kwa sabuni kila Ijumaa. Tangi lake halikuwahi kukomaa hata siku moja. Lilikuwa tangi jipya kila wiki, kwa samaki kumi na wanne, katika lita 12. Ndiyo sababu lilichafuka upesi, na kwa kuwa lilichafuka upesi alilisugua zaidi, na kwa kuwa alilisugua zaidi alizidi kukwaruzwa na kokoto huku mkono umezama katika maji yaliyojaa vimelea vya samaki wagonjwa. Huwa tunasema samaki mmoja akioza huoza wote. Methali hiyo ilitungwa kwa samaki wa tengani. Tangini huanza kuoza maji, na samaki hufuata, kisha mkono wa mwenyewe.

Kwa hiyo sikumwambia tena awaondoe. Nilimwambia awape nafasi. Fundi vioo alimtengenezea tangi la sentimita 80 kwa 30 kwa 35, ambalo likijaa huchukua lita 84, kwa silikoni isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu. Seremala wa mtaani akaunda meza ya mninga, kwani tangi la ukubwa huo, pamoja na maji na kokoto, huzidi kilo 100, na kabati la televisheni lisingelihimili. Gharama haikuwa ndogo kwa mstaafu, na watoto wake walichanga. Samaki wenye migongo iliyopinda waliondolewa na kuzikwa. Lile tangi la zamani na vyote vilivyokuwamo halikuhamishiwa kitu katika hili jipya, ila samaki waliosalia, ambao nao walitengwa kwa wiki kadhaa katika ndoo kubwa yenye pampu. Wengine wawili walikufa humo. Waliobaki wakaongezewa wenzao polepole. Kuna atakayesema ilikuwa salama zaidi kuwaondoa wote na kuanza upya, na kitaalamu hakosei. Nilimweleza mzee hivyo, akachagua.

Ratiba mpya ni rahisi kuliko ile ya zamani. Robo ya maji hutolewa mara moja kwa wiki kwa mpira ambao hujazwa maji kwanza bombani, usiwekwe mdomoni kamwe. Kokoto hazioshwi, na kichujio husuuzwa kwa maji yaleyale yaliyotolewa tangini ili bakteria wema wasife. Mkono hauingii majini ila kwa lazima, na ukiingia huvaa glavu ndefu isiyopitisha maji, plagi ya umeme ikiwa imechomolewa. Mwenye kidonda au mchubuko, hata ule wa wembe wa kucha, huacha kazi hiyo kwa mwingine. Baada ya hapo ni sabuni na maji yanayotiririka, lakini si katika sinki la kuoshea vyombo. Kwa wagonjwa wetu wenye VVU ambao kinga yao bado iko chini, wanaotumia dawa za kushusha kinga, au wenye kisukari kisichodhibitiwa, ushauri wangu ni kwamba wafurahie kutazama na kulisha, kazi ya kusafisha ifanywe na mtu mwingine wa nyumbani. Hawana haja ya kunyimwa samaki.

Hapa Tanga tuna neema moja ambayo wafugaji wa Ulaya huinunua. Maabara za utafiti huwaweka danio kwenye maji ya nyuzi 28.5, na maji ya sebuleni Ngamiani kwa sehemu kubwa ya mwaka hukaribia hapo bila kifaa chochote cha kupasha joto. Lakini neema hiyo ina upande wake wa pili. Maji ya moto hushika hewa kidogo. Kwenye nyuzi 20 lita moja yaweza kushika miligramu 9 hivi za oksijeni, na kwenye nyuzi 30 hupungua hadi saba na nusu. Umeme ukikatika mchana wa Februari, kundi kubwa katika chombo kidogo laweza kumalizika kabla haujarudi. Kuteka maji kwa kikombe na kuyamwaga tena kutoka juu mara kwa mara huwaokoa, na mjukuu wa mzee huifanya kazi hiyo kwa furaha kuliko kazi za shule.

Maji ya bomba ya jiji hutoka bwawa la Mabayani katika mto Zigi, hutibiwa, na hutiwa klorini kwa ajili ya usalama wetu. Klorini hiyo isiyomdhuru mwanadamu huunguza matamvua ya samaki. Dawa yake ya kawaida ni kuyaacha maji ndoani kwa siku nzima ili gesi iondoke. Hapa naomba msomaji asikilize kwa makini, kwa maana tangi lenye samaki si hatari kwa upande wa mbu, ila ndoo iliyo kando yake ndiyo hatari. Danio humeza viluwiluwi vya mbu kwa uroho, na tangi lenye kundi halizalishi mbu. Ndoo iliyoachwa wazi na kusahauliwa nyuma ya mlango ndiyo makazi ayapendayo Aedes, mbu wa dengi, ambaye katika joto letu huweza kukua kutoka yai hadi mbu kamili katika wiki moja hadi siku kumi. Dengi tunaifahamu. Mlipuko wa 2019 uliikumba Dar es Salaam na Tanga pia. Mayai ya mbu huyo hugandamana na ukuta wa ndoo na kuvumilia ukavu kwa miezi, kwa hiyo kumwaga maji pekee hakutoshi, bali ukuta wa ndoo usuguliwe. Funika ndoo kwa kipande cha chandarua. Gesi hupita, mbu hapiti.

Kuna pia kijana aliyeniambia kwamba yeye hanunui majani ya tangi, huyafuata mwenyewe katika madimbwi ya nje ya jiji, akiingia maji hadi magotini. Huyu nilimpeleka kupimwa mkojo. Kichocho cha mkojo bado kipo katika mkoa wetu, na konokono wanaokibeba hukaa katika majani hayohayo. Mwenye kuleta majani nyumbani pamoja na konokono ameuleta mzunguko wa ugonjwa karibu na mlango, ingawa bila mgonjwa wa kukojoa tangini konokono msafi hana wa kumwambukiza. Bora kutoingia kabisa dimbwini. Kinyume chake nacho ni kosa, yaani samaki asiyetakiwa tena asimwagwe Zigi wala Mkulumuzi. Katika mto Pangani perege wa kigeni tayari wamewabana perege wa asili, na mto hauhitaji wageni zaidi.

Mwenzangu mmoja, niliyemsimulia kisa hiki wakati wa chai, alicheka. Alisema katika nchi yenye malaria, upungufu wa damu na ajali za bodaboda, mimi nimeona nimwandikie mhudumu wa zahanati kuhusu samaki wa mapambo wa mtu mmoja Ngamiani. Lina uzito neno lake, na nimelifikiria. Sitadai kwamba ugonjwa huu umejaa. Lakini swali nililolikosa halikuwa la samaki wa mapambo peke yao. Wapara samaki wa soko la Deep Sea, wanaodungwa na miiba kila siku, mikono yao huingia maji gani? Wakulima wa mwani wanaosimama baharini kwa saa kadhaa wakifunga kamba? Mama anayefuga perege katika bwawa la turubai uani? Bakteria yuleyule aweza kuwafikia wote hao. Nao wakija na vinundu vilivyopangana mkononi, tutawapaka dawa ya fangasi kwa miezi saba kama nilivyotaka kumfanya mzee wangu. Tumezoea kuuliza kazi, na mpara samaki atajibu "biashara ndogondogo". Mstaafu atajibu "sina kazi". Majibu yote mawili ni ya kweli na hayatusaidii kitu.

Na kwa yule mwenzangu anayewaona samaki hawa kuwa anasa, ningemkumbusha jambo moja. Danio ndiye samaki aliyepelekwa maabara na George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon, ambaye kazi yake ya mwaka 1981 iliwafungulia watafiti mlango. Vifaranga vyake vinapenya mwanga, kiasi kwamba chembe za kinga huonekana kwa hadubini zikimshambulia mdudu mwilini huku samaki akiwa hai. Na mdudu anayetumiwa kwa kazi hiyo ni huyuhuyu marinum. Lalita Ramakrishnan na wenzake wamejifunza kwa njia hiyo namna vinundu vya kifua kikuu vinavyojengeka na kuvunjika, na kwa nini mwili wa mtu mmoja huwaka moto kupita kiasi ilhali wa mwingine hulala. Sehemu ya tunachokijua leo kuhusu kifua kikuu, ambacho bado ni mzigo mkubwa kwa Tanzania, kimetoka katika tangi la danio.

Faida kwa mfugaji mwenyewe siitilii chumvi. Mwaka 2015 madaktari wa Texas walichapisha jaribio la vijana 28 wenye kisukari cha aina ya kwanza. Baadhi yao walipewa samaki wa kutunza, na kila walipowalisha, asubuhi na jioni, walipima sukari yao wenyewe, na siku ya kubadili maji walipitia daftari la vipimo pamoja na mzazi. Baada ya miezi mitatu kipimo chao cha sukari ya muda mrefu kilikuwa kimeshuka kidogo, wakati cha wenzao kilipanda. Watu 28 ni wachache, na sidhani samaki ndiye aliyetibu. Ratiba ndiyo iliyotibu, ila samaki aliifanya ratiba iwe na sababu. Mzee wetu alimeza vidonge vyake kwa karibu miezi sita bila kukosa, na nilipomuuliza aliwezaje, ilhali wagonjwa wengi hukata tamaa mwezi wa pili, alinijibu kwamba kopo la dawa lilikuwa kando ya kopo la chakula cha samaki. Ningemnyang'anya samaki, kopo lile lingekaa kando ya nini?

Ukweli ni kwamba sisi madaktari huona wepesi kuondoa kuliko kurekebisha. Tunamwambia mgonjwa aache, kisha tunamlaumu asipoacha. Katika magonjwa ya ngozi nimeliona hili kwa paka, kwa hina, kwa mafuta ya nazi, na sasa kwa samaki. Kumwelekeza mtu afuge vizuri kulinigharimu jioni moja na rula ya mtoto wa shule.

Katika fomu ya kliniki yetu, chini ya mstari wa kazi ya mgonjwa, nimeongeza mstari mwingine kwa kalamu: mikono huingia maji gani? Wiki iliyopita mwanafunzi wa mwaka wa tano alimsomea mama mmoja anayepara samaki, aliyekuja na kidonda cha kidole kisichopona tangu mwezi wa Ramadhani. Yule mama alimtazama kijana kwa mshangao, akasema, "Asubuhi ya bahari, mchana ya samaki, usiku ya vyombo. Wataka yapi, mwanangu?" Kipande cha ngozi yake kimepelekwa maabara, nyuzi 30 zimeandikwa kwa herufi kubwa, na tunasubiri.